Uraibu wa pombe ni ugonjwa au ni hiari ya mtu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka sita nimekuwa nikikaa kila Jumamosi mchana na familia zenye mtu aliyeshikwa na pombe. Tunakutana kwenye chumba kidogo cha parokia, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mimi si daktari. Nilifikishwa hapo na kaka yangu mkubwa, ambaye alikunywa miaka kumi na tisa, na habari zake nazieleza hapa kwa ruhusa yake. Swali la kichwa cha habari huja ndani ya dakika kumi za kwanza. Mama au mke anapangusa uso kwa kitenge, anauliza: "Dada, niambie ukweli. Huyu anaumwa au anafanya makusudi?" Nimekusanya hapa swali hilo na mengine yanayolifuata, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Kwa kifupi, ni ugonjwa au ni hiari?

Ni ugonjwa. Una dalili zake, una mwendo wake, una matibabu yake, na unaua. Ila umeshika mahali pabaya kuliko pote, pale pale mtu anapotolea uamuzi. Mwenye malaria damu yake inaumwa, lakini nia yake ni nzima; ukimpa dawa anameza. Kwa mraibu wa pombe, nia tunayomhimiza kila siku aitumie ndiyo iliyoumia. Haijafa. Ningeamini imekufa nisingekaa na mtu hata mmoja. Imepooza nusu, kama mguu wa aliyepatwa na kiharusi: anaweza kutembea, kwa kushikwa mkono, na kwa mazoezi ya muda mrefu.

Lugha yetu imeliona hili zamani. Mwanzoni watu husema fulani anakunywa pombe. Miaka ikipita, majirani wale wale wanasema pombe inamnywa.

Haya ya "ugonjwa" si maneno ya kisasa ya kutetea walevi?

Ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1784 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, mmoja wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani, aliandika juu ya pombe kali na kuueleza ulevi sugu kama maradhi. Mwaka 1804 Thomas Trotter, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza, naye alieleza kwamba tabia ya ulevi ni ugonjwa wa akili. Wote wawili walikuwa watu wa maadili makali. Hakuna aliyekuwa akitafuta namna ya kuwapendeza wanywaji.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, walikutana mfanyabiashara wa hisa aliyeitwa Bill Wilson na daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith. Wote walikuwa wameshindwa na pombe. Waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake anaweza kuvuka siku bila kunywa, na hapo ndipo vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous) vilipozaliwa. Mwaka 1956 Chama cha Madaktari cha Marekani kikatamka kwamba hospitali ziwapokee watu hawa kama wagonjwa wengine. Leo Shirika la Afya Duniani limeuweka utegemezi wa pombe katika orodha yake ya magonjwa. Toleo la kumi na moja la orodha hiyo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa hesabu za shirika hilo, mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na matatizo yatokanayo na unywaji, na kati yao milioni 209 walikuwa tegemezi kabisa. Vifo vilivyosababishwa na pombe mwaka huo vilikuwa milioni 2.6.

Lakini alianza mwenyewe. Nani alimshikia chupa?

Ni kweli, na sitaki kulikwepa. Bilauri ya kwanza wengi huinyanyua kwa mkono wao. Ila niambie, uliwahi kumwona mtu aliyeinyanyua akiwa na nia ya kuwa mraibu? Alitaka kucheka na wenzake, au kupata usingizi baada ya msiba, au kutuliza mwili baada ya kubeba mizigo kutwa. Alichagua bilauri. Kilichofuata hakukichagua.

Tena kwetu huku, neno "kuanza mwenyewe" lina mashaka. Mbege yetu ya ndizi na ulezi, iliyotiwa uchungu kwa gome la msesewe, ni kinywaji cha heshima. Hakuna mahari, matanga wala upatanisho usiokuwa na kata ya mbege. Kaka yangu alionjeshwa na babu kwenye kata hiyo kabla hajaanza darasa la kwanza, na watu wazima wakapiga makofi alipokunja uso. Ukanda wa pwani kuna mnazi, Iringa na Njombe ulanzi, Bukoba lubisi, na mtoto wa huko anakua akijua harufu yake kama anavyojua harufu ya moshi wa kuni. Mtoto aliyeonjeshwa ukoo mzima ukimwangalia, unamwandikia hiari kwa kalamu gani?

Na hata kama alianza kwa kupenda kabisa, mtu aliyekula chumvi na mafuta miaka thelathini akapata shinikizo la damu tunampa vidonge. Hatumwambii arudi nyumbani akajirekebishe kwanza.

Mbona tulikunywa wote, mimi nikaacha, yeye akanasa?

Hili ndilo swali la marafiki wa zamani, na mara nyingi huulizwa kwa kujisifu kidogo. Jibu ni kwamba hamkuwa na mwili mmoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya uwezekano wa mtu kunasa hutokana na kurithi. Huko Denmark walifuatilia watoto wa kiume wa walevi waliolelewa na familia nyingine tangu uchanga, wakakuta wanaingia kwenye ulevi karibu mara nne ya watoto wengine waliolelewa vivyo hivyo. Hawakuwahi hata kumwona baba akiyumba.

Upo na urithi unaokinga. Watu wengi wa China, Japani na Korea wana miili isiyoweza kuondoa haraka sumu inayotokana na pombe. Wakinywa kidogo uso unawaka, moyo unakimbia, tumbo linachafuka. Wenye hali hiyo kwa nguvu ni nadra kuwa waraibu. Hawana nia imara kuliko Mchaga wala Mkikuyu. Mwili wao unawafukuza mezani mapema.

Nusu iliyobaki ni maisha: umri alioanza (aliyeanza kabla ya miaka kumi na mitano yuko hatarini zaidi kuliko aliyeanza ukubwani), majonzi aliyoyabeba, sonona isiyotibiwa, kilabu kilichopo hatua arobaini kutoka mlangoni, na bei. Hiyo bei watu huisahau. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali ambavyo mwanafunzi aliweza kuvinunua kwa hela ya nauli na kuvificha kwenye soksi. Uamuzi wa mtu hufanyika mahali fulani, mbele ya bidhaa fulani, kwa bei fulani.

Ndani ya ubongo kunatokea nini hasa?

Nitaeleza kama nilivyoelezwa na tabibu mmoja mzee, maana hadi leo sijapata maelezo bora.

Ubongo una breki na mafuta. Pombe inakanyaga breki na kupunguza mafuta, ndiyo maana mtu analegea na woga unaondoka. Ukifanya hivyo kila siku, ubongo unajirekebisha: unalegeza breki zake wenyewe na kuongeza mafuta, ili mwili uendelee kufanya kazi ndani ya pombe. Sasa iondoe pombe ghafla. Breki zimelegea, mafuta yamejaa. Mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio, usingizi hauji, na wengine wanapata degedege.

Upande mwingine kuna dopamini, kemikali inayouambia ubongo "hili ni muhimu, lirudie." Imewekwa kwa ajili ya chakula, mapenzi na watoto. Pombe huimwaga kwa wingi mpaka ubongo unaiweka chupa juu ya orodha ya vitu vya kumweka mtu hai. Kwa hiyo mke anaposema "anapenda pombe kuliko watoto wake," ameona kitu cha kweli, ila si mapenzi. Wengi huniambia hata utamu wenyewe uliisha miaka mingi. Wanakunywa ili wasiumwe. Na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima kesho na kusema "subiri," ndiyo inayodhoofika kwa miaka ya kunywa sana. Habari njema ni kwamba akiacha inarudi polepole, kwa miezi, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka.

Nitajuaje kwamba ni uraibu na si ulevi wa kawaida?

Kuna mtu analewa kila mwisho wa mwezi, anaanguka mtaroni, anatia aibu, na bado si mraibu. Kuna mwingine hajawahi kuyumba, anakwenda ofisini na tai shingoni, na amekwisha kunaswa. Madaktari huangalia mambo matatu: ameshindwa kujizuia (anasema mbili, anaondoka na kumi), pombe imepanda juu ya mambo mengine yote na anaendelea ingawa anaona madhara, na mwili umezoea, yaani anahitaji nyingi zaidi kuliko zamani au anaumwa akiikosa. Mawili kati ya hayo, yakidumu kwa muda, kwa kawaida miezi kumi na miwili, au mitatu kama ni kunywa kila siku, yanatosha.

Shirika la Afya Duniani pia lina dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, na lipo kwa Kiswahili. Alama zinakwenda hadi 40. Ukifikisha 8 unywaji wako umeanza kuwa na hatari, na ukifikisha 20 nenda ukapimwe kwa utegemezi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walilitumia kwa majeruhi wanaoletwa na ajali, wakaandaa mazungumzo mafupi ya muuguzi na mgonjwa yanayoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Nalipenda jina hilo. Linamwambia mtu kuna kitu anaweza kukifanya, na halimtukani.

Kama huna dodoso, angalia asubuhi. Mtu anayelazimika kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi, au kutoa loki kama wasemavyo Kenya, ili mikono itulie, huyo ameshafika. Kaka alipofika hapo, Mama alijifunza kumjazia chai nusu kikombe. Kikijaa kilimwagika kabla hakijafika mdomoni, kikamuunguza mapaja. Nusu kikombe aliweza kukishika kwa mikono miwili, viwiko vimekita mezani, akainama kukifuata. Sote tulikuwa tunakunywa chai tukitazama madirisha.

Mbona wengine huacha wenyewe bila hospitali? Hiyo si ithibati kwamba ni kuamua tu?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa hiari, na anayeitoa si mjinga. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2001 na 2002, uliohoji watu zaidi ya 43,000, ulikuta kwamba kati ya waliowahi kuwa tegemezi wa pombe, ni robo tu waliokuwa bado tegemezi mwaka uliotangulia utafiti. Na waliowahi kupata msaada wa aina yoyote walikuwa robo tu. Wengine walipunguza au waliacha wakiwa katika maisha yao ya kawaida: wameoa, wamepata mtoto, wameokoka, wamehama mtaa, wameambiwa na daktari ini limechoka.

Nalikubali hilo bila kinyongo. Uraibu una ngazi. Walio ngazi za chini bado wana nia yenye nguvu, na maisha yakiwapa sababu nzuri wanashika njia. Hilo linatufundisha kwamba uamuzi una nafasi katika uponyaji. Halitufundishi kwamba aliye ngazi ya juu, ambaye mwili wake unapata degedege akikosa, ni mvivu wa kuamua. Mafua hupona yenyewe, nimonia haiponi hivyo, na zote ni maradhi ya njia ya hewa.

Angalia pia hizo sababu nzuri zilizowatoa: mke, kazi, kanisa, mtaa mpya. Aliyekwisha kupoteza vyote hivyo ataamua akiegemea nini?

Nikimwita mgonjwa, si nimempa kisingizio?

Hofu hii ninaiheshimu. Nimewaona wanaume waliojifunza neno "uraibu" wakalitumia kama leseni.

Hata hivyo sheria haijachanganyikiwa. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kwa kawaida ulevi hauwi utetezi wa kosa la jinai, isipokuwa katika hali chache, kama mtu kuleweshwa na mwingine bila ridhaa yake. Aliyempiga mkewe atajibu. Aliyegonga mtu kwa gari atajibu. Na nyumbani iwe hivyo hivyo. Ugonjwa unamwondolea mtu lawama ya kuumwa. Wajibu wa kutafuta matibabu unabaki kwake, na wajibu wa kulipa alichovunja unabaki kwake. Mwenye kifua kikuu hatumlaumu kwa kukohoa, lakini akikataa dawa na kuwakoholea watoto tunasema naye kwa ukali.

Kwa kaka ilikwenda kinyume cha hofu yangu. Alipoitwa mgonjwa mara ya kwanza, alinyamaza muda, akasema, "Basi inawezekana kupona." Alipokuwa anaitwa chapombe hakuwa na cha kupona, maana alikuwa ameambiwa hivyo ndivyo alivyo.

Dini inasema ni dhambi. Tufuate lipi?

Kurani, sura ya Al-Maida aya ya 90, inaikataza pombe waziwazi. Biblia katika Mithali sura ya 23 inamweleza mlevi aliyepigwa asihisi, na anapozinduka anaitafuta tena. Nikiisoma sehemu hiyo naona mtu alikaa karibu sana na mraibu, akamtazama kwa makini.

Sioni ugomvi. Dini inazungumza na anayekaribia kunywa, na inamwokoa mtu kabla hajaumwa. Mwislamu asiyeonja kamwe hawezi kunaswa, hiyo ni kinga kamili. Hospitali inazungumza na aliyekwisha kunaswa. Padri wetu huwaombea watu wetu, kisha anawatafutia usafiri wa kwenda kliniki. Ninachoomba viongozi wa dini waache ni kumsimamisha mtu mbele ya waumini akiri ulevi wake kwa kulia, halafu Jumatatu hakuna anayemtembelea.

Amelogwa?

Hapana. Fedha ya mganga ipelekeni hospitali.

Nimeambiwa kuna unga wa kumtilia kwenye supu bila yeye kujua. Unafaa?

Usithubutu. Baadhi ya dawa za kuacha pombe humfanya mtu augue vibaya akinywa: uso unawaka, anatapika, shinikizo la damu linashuka, moyo unaweza kupata hitilafu. Anayezimeza kwa kujua anajihadhari. Asiyejua atakwenda kilabuni kama kawaida na anaweza kufia huko, nawe ndiye uliyemwekea. Na kama unga huo hauna jina, hujui hata umemwekea nini.

Tumfungie ndani mpaka pombe imtoke?

Ningeruhusiwa kujibu swali moja tu katika ukurasa huu, ningejibu hili, kwa sababu sisi tulifanya.

Mimi, shemeji yangu na wajomba wawili tulikubaliana kwa nia njema kabisa. Tukamwingiza kaka chumba cha nyuma, kile cha kuwekea majembe na magunia ya kahawa, tukafunga kwa kufuli. Siku ya kwanza alitukana ukoo mzima. Jioni akaanza kutetemeka, jasho likalowesha blanketi. Siku ya pili asubuhi mwili ulikakamaa, ukapigapiga sakafu kama dakika moja, akajing'ata ulimi. Mjomba akasema, "Mwacheni, ndiyo pombe inatoka hiyo." Tukamwacha. Mchana alinyamaza, tukashukuru Mungu.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu nikasikia anapiga ukuta kwa kandambili. Nikachungulia dirishani na tochi ya simu. Alikuwa anaua siafu, mmoja mmoja, kwa uangalifu. Akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka, "Mdogo wangu, lete majivu, wanapitia huku." Ukuta ulikuwa mkavu. Hapakuwa na hata sisimizi.

Tulimpeleka hospitali usiku huo nyuma ya pikapu ya jirani. Mapokezini mhudumu alimtazama akasema, "Huyu ni mlevi, akae pembeni, wagonjwa kwanza." Tukakaa pembeni. Aliyemwokoa ni yule tabibu mzee niliyemtaja. Alikuwa anapita kwenda kunawa, akasimama, akamshika kaka kiganja, akauliza swali moja tu: "Amekunywa mara ya mwisho lini?" Tuliposema siku tatu, akaita machela. Walimpa vitamini B1 na diazepamu, dawa ya kutuliza, wakamfunga mikono kwa kitambaa laini asijiumize, na asubuhi ya siku ya tano akauliza yuko wapi.

Baadaye ndipo nikajifunza ratiba yake. Kutetemeka huanza saa sita hivi tangu bilauri ya mwisho. Degedege huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo huja kati ya siku ya pili na ya nne, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, na bila matibabu kunaweza kuua. Pombe ni kati ya vileo vichache ambavyo kuacha kwake ghafla kunaua. Hata arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuikosa, pamoja na mateso yake yote, ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya.

Kwa hiyo mtu anayekunywa kila siku, hasa aliyewahi kupata degedege, asiachishwe ghafla nyumbani. Mpelekeni hospitali, mseme wazi anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Mkimfungia, mnafungia mgonjwa.

Kila ninapoulizwa "ugonjwa au hiari" ninamkumbuka na ile kandambili. Hakuna mtu anayechagua siafu.

Kuna dawa za kweli?

Zipo, na wengi hawajawahi kuzisikia. Naltreksoni hupunguza raha inayoletwa na pombe, na hamu ikashuka. Haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na ini hupimwa kwanza. Akamprosati humsaidia aliyekwisha acha asirudie. Kwa hiyo, figo ndizo hupimwa kwanza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Ya tatu ni disulfirami, ile inayomfanya mtu augue akinywa. Matumizi yake kwa waraibu yalianzishwa na watafiti wa Denmark miaka ya 1940, baada ya kuijaribu kwa ajili ya minyoo. Huandikwa na daktari, kwa mtu aliyekubali mwenyewe.

Upatikanaji ni tatizo la kweli. Mji mdogo unaweza usiwe nazo. Anzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ndiyo ya taifa kwa magonjwa ya akili. Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Vikundi vya AA vipo Nairobi na Dar es Salaam, na havitozi ada. Dawa peke yake bila mtu wa kuzungumza naye haifiki mbali. Soba hausi, yaani nyumba wanakokaa waraibu wakiacha, nyingine ni nzuri, nyingine ni gereza lenye jina zuri: ukifika uliza kama kuna daktari anayesimamia siku za kwanza, na kama ndugu wanaruhusiwa kumwona mgonjwa. Wakisita, ondoka naye.

Mimi ni mke wake. Nifanye nini?

Usimwage pombe yake mbele yake, usibishane naye akiwa amelewa, na usiendelee kumdanganyia bosi wake kwamba ana malaria. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa ni wewe unayeyaficha. Zungumza naye asubuhi, kwa maneno machache, juu ya jambo moja uliloliona kwa macho: "Jana mtoto alikukuta umelala barabarani, akakufunika sweta lake." Kisha mwambie mahali pa kwenda na siku ya kwenda.

Akikupiga, ondoka na watoto. Kwamba anaumwa hakukulazimishi kuumia. Narudia hili kila Jumamosi, na kila Jumamosi kuna mwanamke anayeinamisha kichwa.

Alikaa miezi minane bila kunywa, ameanguka tena. Si ndiyo amechagua sasa?

Kuanguka tena ni sehemu ya mwendo wa ugonjwa huu, kama vile kisukari kinavyopanda hata kwa anayejitahidi. Ile miezi minane haikufutika. Ubongo ulipumzika miezi minane. Mwulize kitu gani kilitangulia: mshahara, msiba, ugomvi, au rafiki wa zamani. Mwilini, hatari iko hapa: stahimili yake imeshuka, na kiasi alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumlaza moja kwa moja.

Kwetu mtego mkubwa ni Desemba, watu wote wanaporudi nyumbani Kilimanjaro na kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina pipa la mbege. Kaka alianguka Desemba mbili mfululizo. Ya tatu tulipanga mapema. Alifika mchana akaondoka kabla ya saa kumi na mbili, mimi nikiwa naye, na baba mdogo aliyezoea kumsukumia kata mkononi tulimwomba wiki moja kabla, kwa heshima zote, asifanye hivyo. Baba mdogo alinung'unika, akakubali.

Kaka yako anaendeleaje sasa?

Huu ni mwaka wake wa nne. Analima parachichi, amerudi kwa mkewe, na Jumamosi hupanga viti kabla sijafika. Mikono haitetemeki tena. Mama bado anamjazia nusu kikombe. Kaka hasemi kitu. Akimaliza, anaomba kingine.